Zile asilimia 12 za mwaka 2022

*Shikamoo Shangazi. Mwaka 2022 kura za maoni zilituambia Raila anashinda, akaapishwa Ruto. Mimi nimesajiliwa kupiga kura tangu 2007 na sijawahi kuulizwa na mtu yeyote. Watu elfu mbili watanisemeaje mimi? Hawa si wamelipwa tu? (Msomaji, Voi)*

Marahaba mwanangu. Hasira yako naielewa, ila shika kalamu kwanza. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Raila asilimia 47 na Ruto 41. Kampuni nyingine, TIFA na Infotrak, nazo zilimweka Raila mbele. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza Ruto 50.49, Raila 48.85. Sasa linganisha mgombea mmoja mmoja. Ya Raila ilikaribia sana, 47 kwa 48.85. Iliyopotea ni ya Ruto. Jumlisha 47 na 41, unapata 88. Ndani ya zile 12 zilizobaki walikuwemo wafuasi wa wagombea wengine wawili, Wajackoyah na Mwaure, ambao debeni hawakufikisha hata asilimia moja wakiwekwa pamoja. Waliosalia ni waliosema hawajaamua, au hawataki kusema. Wengi wetu tulishika 47 na 41, zile 12 tukazipita.

Nimehoji watu nyumba kwa nyumba miaka mingi, na hao wasiosema nawajua. Mtu anakupa kiti, anakueleza bei ya unga, maji, barabara, kwa kirefu na kwa uchungu. Ukifika swali la urais anatupa macho mlangoni: "Hilo niachie mwenyewe." Huyo mara nyingi ameshaamua. Mwaka ule Raila aliungwa mkono na Rais aliyekuwa madarakani, na mimi naamini wafuasi wengi wa Ruto waliona heri wanyamaze mbele ya mgeni mwenye tableti. Ongeza na wasiojitokeza: waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 65, wakati 2017 walifika 78. Mhojiwa anayetaja jina la mgombea kisha siku yenyewe akabaki shambani, kwenye utafiti amehesabiwa sawa na aliyepanga foleni alfajiri.

Kuhusu wewe kutoulizwa: waliosajiliwa walipita milioni 22. Wakihojiwa elfu mbili, ni mmoja katika kila elfu kumi na moja. Ungeulizwa ingekuwa bahati. Kinachozipa nguvu hizo elfu mbili ni namna ya kuwapata. Mhoji hachagui nyumba yenye kivuli. Anapewa mahali pa kuanzia, anaruka idadi ya nyumba aliyopangiwa, na akiingia anaandika watu wazima wote wa mle ndani kisha karata inaamua nani ajibu. Nakumbuka boma moja Kilifi, karata ilimwangukia binti aliyekuwa akimenya mihogo. Baba mtu akasogeza kiti: "Niulize mimi, huyu hajui siasa." Nikamwambia, mzee wangu, karata imemtaja yeye. Akakubali, lakini akakaa palepale, na kila swali binti anamtazama baba kwanza. Nikaomba tuhamie chini ya mwembe. Kule binti alisema mengi, na hayakuwa ya baba yake. Mhoji mvivu angemwandika mzee, na wasichana wote wa aina ile wangepotea kwenye hesabu.

Hata kazi ikifanywa vizuri, watu 2,400 wanakupa jibu linaloweza kupanda au kushuka kwa pointi mbili hivi. Ruto alimpita Raila kwa kura 233,211, yaani pointi 1.64. Hakuna utafiti wa ukubwa huo ungeweza kukuhakikishia mshindi.

Kulipwa? Lazima kuna aliyelipa, wahoji hawali hewa. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2012 inataka mchapishaji aeleze nani amegharamia, wangapi wamehojiwa na wameulizwa nini, na inakataza kutangaza matokeo siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Anza kusoma hapo kabla hujafika kwenye asilimia.

*Facebook niliona kura ya watu elfu arobaini. Hiyo si bora kuliko yenu ya elfu mbili? (Msomaji, Nakuru)*

Hapana. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili kwa posta, likatangaza Landon atashinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, alichukua majimbo 46 kati ya 48. Waliojibu walikuwa wale waliofikiwa na waliopenda kujibu, kama hao wa Facebook.

*Nilipigiwa simu nikaulizwa kuhusu maji, shule na kama naridhika na viongozi. Mume wangu anasema ni serikali inatupima. Nijibu? (Mama wawili, Morogoro)*

Mwambie baba watoto hofu yake si ya kuchekwa. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, mwisho wa mahojiano humuuliza mhojiwa anadhani nani ametutuma, na wengi hutaja serikali. Mwaka 2018 hapo kwenu, shirika la Twaweza walitoa utafiti wa Sauti za Wananchi uliofanywa kwa simu: waliomkubali Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, wakawaandikia kuwahoji kuhusu kibali cha utafiti. Mkurugenzi wa Twaweza baadaye akanyang'anywa pasipoti. Lakini aliyekuwa amejibu kuhusu maji asipojibu tena, anayepanga visima atasikia wanaopiga kelele tu, na kwa hili nakusihi: jibu.

Ila kwanza uliza wanatoka shirika gani na jina lako litawekwa wapi. Swali usilolipenda lipite, una haki hiyo. Akitaka namba yako ya siri ya simu au ya kitambulisho cha mpiga kura, kata simu.