Namba 2021 ni tasa au si tasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha kwanza. Nimeigawa 2021 kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, na kila mara linabaki baki. Nikaandika kuwa ni namba tasa, nikawekewa alama ya kosa. Nimekosea wapi? Na nitajuaje kama vigawo vya namba nimevipata vyote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umegawa vizuri, ila umeishia njiani: 2021 ni 43 × 47. La kujua ni mtu agawe mpaka wapi.

Vigawo huenda kwa jozi. Chukua 36. Ukipata 2, umeshapata na 18. 3 inakuja na 12, 4 na 9, kisha 6 na 6. Ukivuka hapo jozi zinajirudia kinyume: 9 na 4, 12 na 3. Ile 6 ndiyo kipeuo cha pili cha 36. Katika kila jozi lazima kimoja kisizidi kipeuo cha pili, kwa sababu vikizidi vyote viwili, zao lao litaipita namba yenyewe. Basi ukijaribu namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo cha pili usipate kigawo, namba hiyo ni tasa. Huna haja ya kujaribu 4 wala 9. Kinachogawanyika kwa 4 kingekuwa kimeshanaswa na 2.

Sasa, 45 × 45 ni 2025, kwa hiyo kipeuo cha 2021 kiko chini kidogo ya 45. Ulikuwa bado na 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43. Kuishia 13 kunatosha kwa namba zilizo chini ya 289 tu, yaani 17 × 17. Huniuma kuona wanafunzi wamekaririshwa "jaribu 2, 3, 5 na 7, basi". Kanuni hiyo inafaa chini ya 121, na hawaambiwi mpaka wake.

Kuhusu vigawo vyote, vihesabu kabla ya kuviorodhesha. 360 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. Kila kigawo chake kinaundwa kwa kuchagua utachukua 2 ngapi (kuanzia sifuri hadi tatu, njia 4), 3 ngapi (njia 3) na 5 ngapi (njia 2). 4 × 3 × 2 ni 24. Ukiorodhesha ukapata 22, kuna jozi imekuponyoka. Kwa 2021 ni 2 × 2, vigawo vinne: 1, 43, 47 na 2021.

Kisha chukua 2027 uigawe kwa namba tasa zote mpaka 43. Kila mara litabaki baki, na safari hii andika "tasa" bila wasiwasi.