Urithi hausherehekewi

SWALI: Naishi Athens. Nimeombwa kuwatafsiria jamaa wa Afrika Mashariki tangazo la onyesho la filamu ya makala kuhusu Nikos Kazantzakis, na baada ya filamu kutakuwa na mjadala. Nimeandika: "Karibuni tusherehekee urithi wa mwandishi wa kisasa Myunani." Mwenzangu anasema ni Mgiriki. Nani kapatia?

JIBU: Mwenzako. Wayunani waache kwenye Biblia, katika Waraka kwa Wagalatia: "Hapana Myahudi wala Myunani." Neno lenyewe ni la Waarabu, wanaoiita nchi ile Yunan. Lakini wale waliolima mkonge Tanga na kahawa Kilimanjaro watu waliwaita Wagiriki, wala hakuna aliyewaza Wagalatia. Kazantzakis, mzaliwa wa Krete mwaka 1883, ni Mgiriki. Hilo limekwisha.

Lililonipandisha presha ni "tusherehekee urithi", ambalo hata hukuliuliza. Urithi ni mali ya marehemu inayowaangukia walio hai; ndugu yake ni mirathi, na wote wawili wamezoea kukutana kwa kadhi. Sasa tazama. Mzee kafariki, kaacha minazi, nyumba na mbuzi kadhaa. Arubaini haijafika, vijana wake wamekodi muziki, pilau linaiva, watu wanacheza. Shangazi anauliza kulikoni. Mkubwa anajibu: "Tunasherehekea urithi wa baba!" Shangazi anatafuta mchi. Mdogo naye, asiyejua kusoma nyuso, anaongeza: "Karibu, shangazi, baada ya ngoma kuna mjadala." Mjadala wa nini? Wa minazi, bila shaka! Tangazo lako ndivyo linavyosomeka.

Sisi tunasherehekea Idi, Krismasi, harusi, hata ubingwa wa ligi. Aliyetutoka tunamkumbuka, tunamuenzi. Kitenzi tunacho, kifupi na chenye heshima zake, lakini kila kamati ya maandalizi inakiruka kama dimbwi kwa sababu tangazo la Kiingereza halikusema hivyo.

Si kwamba sina uvumilivu. "Urithi wa dunia" nimekwisha kuumeza. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliorodheshwa kwa jina hilo mwaka 2000, na mimi nani niufute? "Urithi wa utamaduni" nao haya, upite. Ila mtu mmoja na vitabu vyake ana kazi zake, ana mchango wake, ana aliyotuachia. Yanatosha.

Tena umemwonea mtu asiyestahili. Kazantzakis alikuwa mpiganaji wa kidimotiki, Kigiriki cha watu wa kawaida, wakati wakubwa wa nchi yake waking'ang'ania katharevousa, Kigiriki cha kujikweza kilichovuliwa urasmi mwaka 1976. Aliokota maneno ya wavuvi na wachungaji akayamwaga katika Odisea yake ya mwaka 1938, utenzi wenye mistari 33,333. Wasomi wakalalamika kwamba maneno mengine hawayajui. Si ajabu, hawakuwa wavuvi! Mtu wa namna hiyo unamkaribishia wageni kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Pangani akikisoma atauliza nani kafa na kaacha ngalawa ngapi?

Andika: "Karibuni tumuenzi mwandishi Mgiriki Nikos Kazantzakis kwa filamu na mjadala." "Wa kisasa" nimeifuta, maana kafariki tangu 1957. Ukiogopa wageni watamchanganya na Homer, yule mshairi wa Ugiriki ya kale, weka mwaka.