Jibu: Glasi mbilimbili, yeye analala, mimi naamka saa nane

Dada, umeuliza kwa nini wewe na mumeo mnakunywa mvinyo glasi mbilimbili, yeye analala fofofo mpaka asubuhi, nawe saa nane usiku uko macho. Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwangu kwa karibu miaka mitatu, na muda wote huo nilijilaumu bure.

Glasi zenu ni mbilimbili, lakini hamnywi sawa. Mwili wa mwanamume ni maji kama asilimia 60 ya uzito wake, wa mwanamke karibu 50, na pombe hukaa kwenye maji, kwa hiyo mwilini mwetu hukolea zaidi. Tena kile kimeng'enya cha tumboni kinachoanza kuivunja kabla haijafika damuni, kwa kawaida sisi tunacho kidogo. Na si hilo tu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliowanywesha vijana 93 wenye afya mpaka kilevi mwilini kikakaribiana, wake kwa waume. Hata hivyo wanawake ndio walioharibikiwa zaidi na usingizi.

Pombe hukulaza upesi na usiku wa mwanzo unakuwa mzito. Ini likishaisafisha, ubongo uliokuwa umetulizwa kwa nguvu unaamka wote kwa pamoja. Mimi nilikuwa naamshwa na moyo, unapiga mpaka nausikia kwenye mto, koo limekauka, shingo ina jasho. Kesho yake kwa uchovu naongeza glasi ya tatu ili nilale. Hapo ndipo nilipokosea, maana mwili huizoea nguvu ya pombe ya kulaza ndani ya siku chache tu, ikabaki ile ya kuamsha. Wanawake tunakosa usingizi kuliko wanaume, na ukikaribia ukomo wa hedhi joto la ghafla nalo linaingia, kwa hiyo wengi wetu tunaikimbilia chupa kwa sababu hatulali.

Ila shemeji usimwonee wivu. Usiku mmoja nikiwa macho nilimsikia wangu anakoroma, kisha kimya. Nikaweka kiganja kifuani pake, nikahesabu. Nilifika ishirini kifua hakijapanda. Akashtuka kama mtu anayeibuka majini, akageuka upande, akaendelea. Asubuhi aliniambia amelala vizuri mno. Pumzi kukatika usingizini huwapata wanaume zaidi, na pombe huzidisha kwa kuwa inalegeza misuli ya koo. Alipimwa, sasa analala na mashine inayomsukumia hewa, na jioni hanywi tena.

Mimi niliacha kabisa. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote, nikakaribia kurudia. Niliendelea kuamka saa ileile kila asubuhi, na nikikosa usingizi natoka kitandani, nakaa sebuleni taa hafifu mpaka macho yawe mazito. Wiki ya nne nililala mfululizo mpaka kulipokucha, nikalia.

Tafadhali: kama mmoja wenu anakunywa nyingi kila siku, asiache ghafla kabla ya kumwona daktari, anaweza kupata degedege. Na vidonge vya usingizi visichanganywe na pombe hata kidogo, vinaweza kuzima pumzi.

Leo ukiamka saa nane, kabla hujashika simu, msikilize mumeo anavyopumua. Kisha rudi hapa utuambie umesikia nini.