Flavonoidi "hutibu" au "zinatibu"?

SWALI: Ninaandaa makala ya afya kwa jarida la shule yetu. Niliandika: "Flavonoidi za kitunguu hutibu saratani." Mwenzangu akakata "hutibu" akaweka "zinatibu". Nani yuko sahihi? Halafu tuseme "flavonoidi hizi" au "maflavonoidi haya"? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, nianze na lile jepesi. Flavonoidi, kundi la kemikali za asili za mimea, ifuate vitamini na protini, ngeli ya I-ZI: flavonoidi hii imechunguzwa, flavonoidi hizi zimechunguzwa. "Ma-" ya nini?

Kwenye kitenzi, kisarufi hakuna aliyekosea. Hu- haibebi nafsi wala wakati. Hueleza mazoea au jambo lililo kweli siku zote, kama jua huchomoza mashariki. -Na- asili yake ni jambo linaloendelea, ila wazungumzaji wengi siku hizi wameibebesha na kazi ya hu-. Kwa hiyo kalamu ya mwenzako haikupunguza dai hata chembe. Sentensi zote mbili zinamwambia mgonjwa wa saratani kwamba kitunguu ni tiba yake, na hilo halijathibitishwa. Hapo ndipo pa kusahihisha.

Flavonoidi inayotajwa sana kwenye kitunguu ni kwesetini. Kiunzi chake, kama cha ndugu zake wote, kina atomi 15 za kaboni: pete mbili za kaboni sita sita, na kaboni tatu za kuziunganisha. Kwenye kiunzi hicho vimepachikwa vikundi vya oksijeni na hidrojeni, na hivyo ndivyo vinavyoiwezesha kutuliza radikali huru, yaani molekuli zisizo tulivu zinazoweza kuharibu seli. Ikiwekwa juu ya seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, katika majaribio mengi imezuia seli hizo kukua. Lakini ukiila, kiasi kinachofyonzwa ni kidogo, tena utumbo na ini huibadili umbo kabla haijafika mbali. Seli za kisahani hazina utumbo wala ini.

Kiswahili kina njia ya kusema hayo bila kudanganya. Kilichotokea maabarani kipe -li-: "Katika majaribio ya maabara, kwesetini ilizuia ukuaji wa seli za saratani." -Li- hulifunga jambo pale lilipotokea. Wengi hukimbilia "zinaweza kutibu". Siipendi kabisa, kwa sababu mwenye mgonjwa nyumbani husikia "kutibu" tu, na "zinaweza" humpita.

Hu- nayo ina mahali pake, tena pengi. "Antosianini huipa choya wekundu wake" ni kweli, na antosianini ni flavonoidi. Kamulia ndimu kwenye glasi ya choya, wekundu utakolea. Tia magadi kidogo, rangi itageukia bluu au kijani. Jambo hilo ukilirudia kesho matokeo ni yale yale, basi hu- imestahili. Hata "hutibu" huja siku yake: mwaka 2006 Marekani iliidhinisha marhamu ya katekini za chai ya kijani kwa chunjua za sehemu za siri, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa. Katekini nazo ni flavonoidi. Ila usiandike "chai ya kijani hutibu chunjua", maana kilichoidhinishwa ni marhamu ya kupaka, si kikombe cha chai.

Haraka ya majina si ya leo. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, na wenzake waliziita flavonoidi za limau "vitamini P". Baadaye jina likaachwa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba kuzikosa huleta ugonjwa, kama ukosefu wa vitamini C unavyoleta kiseyeye.

Kwa jarida lenu ningeandika hivi: "Kitunguu kina flavonoidi iitwayo kwesetini. Maabarani ilizuia ukuaji wa seli za saratani. Kwa wagonjwa bado inachunguzwa." Hiyo "bado" mwenzako asiikate.