Usikae na hitilafu peke yako

Mteja niliyemtengenezea tovuti alinipigia asubuhi akiwa na swali moja: kwa nini watu waliojiandikisha kwa mafunzo ya mwezi wa nne wanaonekana wameomba mwezi wa tatu? Nikafungua kompyuta nikiwa na hakika kwamba ni kazi ya dakika kumi. Ilinichukua siku mbili. Nilipekua fomu, nikapekua hifadhidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, nikabadilisha saa za seva, kompyuta inayoiendesha tovuti, nikarudisha nilichobadilisha, nikaanza upya. Siku ya pili jioni nikamtumia rafiki yangu kipande cha msimbo wa programu, mistari isiyozidi sita. Hakuniuliza lolote. "JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0," akaandika. "Januari ni 0, Desemba ni 11. Ongeza 1."

Na kwa kuwa ni mtu anayependa kujua asili ya mambo, akaendelea kunieleza. Lugha hiyo ya programu, JavaScript, Brendan Eich aliiunda mwaka 1995 kwa siku 10 hivi, na namna yake ya kushughulikia tarehe ilichukuliwa kutoka lugha nyingine, Java, karibu ilivyo, pamoja na hesabu hiyo ya miezi. Siku za mwezi zinaanzia 1, miezi inaanzia 0. Jambo kama hilo hulipati kwa kuumiza kichwa. Unaambiwa, au unalisoma mahali.

Sasa ni mwaka wa sita natengeneza tovuti, na nimeona kwamba mengi yanayotukwamisha ni ya aina hiyo. Akili haijapungua, ila kuna habari ambayo haijakufikia, na habari hukaa kwa watu. Vijana wanaoanza huniuliza wajifunze lugha gani kwanza, wanunue kompyuta ya namna gani. Nawajibu, lakini kila mara natamani niwaulize wao swali langu: ukikwama usiku, una nani wa kumwandikia?

Kuuliza kwenyewe kuna ufundi wake, na mimi niliuchelewa. Maswali yangu ya mwanzo yalikuwa "haifanyi kazi, nisaidie", pamoja na picha ya kioo cha kompyuta niliyoipiga kwa simu, nusu ya maandishi hayasomeki. Watu walinyamaza, nikadhani wana roho mbaya. Sasa nina utaratibu: nikikwama nusu saa bila kupata hata dalili mpya, naandika swali. Sijasema nalituma, naliandika tu. Nataka nini kitokee, kinatokea nini, nimeshajaribu nini. Kwa ile hitilafu ya miezi lingekuwa hivi: "Nataka ukurasa uonyeshe 14/4, unaonyesha 14/3. Nimekagua hifadhidata, tarehe iliyohifadhiwa ni sahihi, kwa hiyo nadhani kosa liko kwenye kuonyesha." Ona lilivyo: sentensi ya mwisho imeshaondoa nusu ya mahali pa kutafuta. Ningeiandika siku ya kwanza, huenda nisingehitaji kumtumia mtu yeyote. Maswali mengi ninayoyaandika siku hizi hayafiki kwa mtu, kwa sababu jibu hunijia kabla sijamaliza kuyaandika.

Na ukisaidiwa, rudi useme kilichofanya kazi. Mtu ametoa dakika zake, amefikiri nawe, halafu unapotea kimya mpaka ukwame tena? Hilo huua urafiki polepole, na mwenyewe hata hujui kwa nini siku hizi anachelewa kukujibu.

Nisimulie usiku ambao kunyamaza kuliniponza.

Ilikuwa saa tatu usiku. Nilitakiwa kufuta jina moja kwenye jedwali la waliojiandikisha, mtu aliyejisajili mara mbili. Badala ya kupitia ukurasa wa usimamizi nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata ya tovuti iliyo hewani. Nikaandika amri ya kufuta, DELETE, nikabonyeza kabla sijaongeza sehemu ya WHERE, ile inayotaja ni safu ipi ifutwe. Aliyewahi kulifanya hili anajua ninachosema: bila WHERE, amri hiyo haichagui, inafuta kila safu iliyomo. Kompyuta ikanijibu kwa utulivu kabisa kwamba safu 412 zimeondolewa.

Mikono iliniganda. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa "nimpigie nani". Lilikuwa "nilirekebishe kabla mtu hajajua". Nikaanza kusoma jinsi ya kurejesha data iliyofutwa. Nikafungua kurasa kumi na kitu. Nikajaribu hili na lile. Kila dakika iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema, maana sasa ningepaswa kueleza na kwa nini sikusema mapema. Rafiki yangu yule wa miezi alikuwa macho, nilimwona yuko mtandaoni. Sikumwandikia.

Nilimpigia saa saba usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunilaumu hata kwa neno moja, akauliza: "Nakala rudufu inachukuliwa saa ngapi?"

Saa sita usiku, kila siku. Na seva ile ilikuwa inatunza nakala moja tu. Mpya ikija, inaifuta ya jana. Saa tatu, nilipofanya kosa, nakala nzima yenye majina yote 412 ilikuwepo, ingerudishwa kwa dakika chache. Saa saba ilikuwa imeshafutwa na nakala mpya ya jedwali tupu. Zile saa tatu za aibu yangu, kabla ya saa sita kufika, ndizo zilizopoteza data, zaidi ya ile amri.

Kilichotuokoa ni kwamba kila aliyejiandikisha alitumiwa barua pepe ya uthibitisho, na mteja alipata nakala yake. Asubuhi nikampigia mteja nikamweleza yote, bila kupunguza. Alikasirika, na haki yake. Kisha akatufungulia sanduku la barua. Tukakaa watatu, mimi, rafiki yangu, na mwenzake ambaye sikuwa hata namfahamu vizuri. Mmoja akaandika programu ndogo ya kuchota majina kwenye barua, wawili tukawa tunakagua moja baada ya jingine. Tulimaliza jioni. Huyo wa tatu leo ni miongoni mwa watu ninaowaamini kuliko wote katika kazi hii.

Tangu siku hiyo, kabla ya kufuta chochote naandika kwanza SELECT, amri ya kuonyesha tu, yenye masharti yaleyale ili nione ni safu ngapi zitaguswa; naanzisha muamala, yaani mabadiliko yasiyodumu mpaka niyathibitishe, ili niwe na njia ya kurudi nyuma; nakala zinatunzwa za siku saba, na moja inakaa nje kabisa ya seva hiyo. Pia mara moja kwa mwezi najaribu kuirudisha nakala mahali pa majaribio, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuirudisha huna hakika nayo. Lakini haya ni mambo ya mashine. Badiliko kubwa ni kwamba siku hizi nikikosea, mtu mwingine anajua ndani ya dakika kumi. Kama kuna kitu kimoja utakachochukua hapa, naomba kiwe hicho.

Kuhusu marafiki walio nje ya kazi hii nitasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nililipia.

Mwaka wangu wa pili, rafiki yangu wa tangu utotoni alihitimu masomo yake. Alinialika wiki tatu kabla. Siku yenyewe, nikiwa nimeshavaa, mteja akaandika kwamba kitufe cha fomu kinajificha kwenye simu zenye kioo kidogo. Nikasema narekebisha mara moja halafu naondoka. Nilipoinua kichwa, sherehe ilikuwa imekwisha. Kitufe kile kingeweza kusubiri hadi kesho yake. Hakuna aliyekuwa anajaza fomu hiyo Jumamosi. Rafiki yangu hakugombana nami. Aliacha tu kunialika, na kwangu hilo liliuma zaidi ya ugomvi.

Ilinichukua miezi kurudi. Nilianza kwa kumwomba radhi bila kutaja kitufe, maana nikikitaja ninajitetea. Kisha nikawa mtu wa kutokea ninaposema nitatokea, simu ikiwa mfukoni. Siku moja akaniomba nimwonyeshe ninachofanya kutwa nzima. Nikampa anwani ya tovuti niliyokuwa najivunia. Akaifungua kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, tukiwa nje juani, akaangalia, akainamisha simu huku na huku, akauliza: "Hapa pameandikwa kitu?"

Palikuwa pameandikwa maelezo yote muhimu, kwa kijivu chepesi juu ya nyeupe. Kwenye kioo changu kikubwa, chumbani, kijivu kile kilipendeza. Usiku huo ndipo nikasoma miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zifikike na watu wote, nikakuta kwamba maandishi ya ukubwa wa kawaida yanatakiwa kuwa na utofauti wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma yake. Yangu hayakufika hata 2.5. Miaka miwili nilikuwa nawaonyesha watengenezaji wenzangu kazi hiyo, wote wakiwa mbele ya vioo kama changu, wakaisifu. Yule ambaye hajui HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, ni nini ndiye aliyeliona. Hata leo sitoi tovuti kabla hajaifungua kwenye simu yake.

Kazi za kwanza za malipo sitazikalia sana. Mkubaliane kwa maandishi kabla hujaanza, hata kama mteja ni ndugu, hasa kama ni ndugu. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja, si lako. Usipandishe mabadiliko makubwa Ijumaa jioni.

Ninachotaka kukikalia ni hatua zenyewe, zile siku ambazo ukiangalia nyuma unaona kweli ulisogea. Nilidhani zitakuwa siku za kuajiriwa na kupandishwa cheo. Zilikuwa nyingine. Siku niliyoona kwenye kumbukumbu za seva kwamba mtu nisiyemjua amefungua ukurasa wangu, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Siku mradi wa programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ulipokubali mchango wangu wa kwanza: nilisahihisha sentensi mbili za maelekezo zilizokuwa zinachanganya watu, basi, lakini jina langu likaingia kwenye historia ya mradi na limo mpaka leo. Siku mtu aliponiuliza swali nikagundua ninajua jibu bila kulitafuta.

Hatua hizi hakuna anayekupa cheti chake, kwa hiyo ni rahisi kuzipita bila kuziona, hasa unapokuwa unatazama za wengine mtandaoni. Kila siku kuna mtu wa umri wako ametangaza kazi mpya. Nina daftari. Naandika tarehe na sentensi moja ya kitu ambacho jana sikukiweza. Na nimejifunza kumwambia mtu siku hiyohiyo, hata kama ni kitu kidogo kama kuelewa hatimaye jinsi flexbox, njia ya kupanga vitu kwenye ukurasa, inavyopanga masanduku. Furaha isiyosemwa hukauka haraka. Nikiona mwenzangu amevuka jambo, namtumia ujumbe hata kama yeye halioni kuwa kubwa.

Na ukurasa wako wa kwanza usiuonee haya. Tovuti ya kwanza kabisa, aliyoiweka Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwaka 1991, ni maandishi na viungo tu, hakuna picha wala rangi za kuvutia. Ukiufungua ukurasa huo leo kwenye simu, unasomeka. Tovuti nyingi nilizotengeneza mwaka wangu wa kwanza, kwa mbwembwe zote nilizoziweka, tayari hazifunguki vizuri.

Sasa tuna utaratibu wetu wa Jumamosi. Muda wa saa moja kwa simu ya video, watu watano, kila mmoja analeta kitu kimoja kilichomkwamisha wiki hiyo na kitu kimoja alichokivuka. Hakuna mada wala mwalimu. Tulianza wawili, mimi na yule wa miezi, na hata wawili wanatosha kuanza. Kanuni ni moja, kwamba hakuna anayecheka swali.

Mwaka huu alijiunga kijana mmoja, ana miezi minane tu tangu aanze. Wiki ya kwanza alisema hana lililomkwamisha. Ya pili vilevile, na ya tatu. Hatukumsukuma. Jumamosi ya nne, tulipokuwa tunaagana, akasema, "Samahani, mna dakika moja?" Akatuonyesha kioo chake. Alikuwa amekwama hapo tangu Jumanne. Tulikaa naye mpaka saa tano usiku.