Kwa mnaoanza zamu wodi ya moyo: msiisahau homa

Wadogo zangu, mtafundishwa kusoma ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, na kumpokea mgonjwa aliyewekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo uliozibuliwa. Hayo mtayashika haraka, kwa kuwa kila mtu atawauliza. Mimi nataka mshike jambo linalosahaulika mshipa ukishazibuliwa na ndugu wakishapumua: maambukizi.

Hayawapati wengi. Katika uchambuzi uliochapishwa 2012, kati ya wagonjwa 5,745 waliotibiwa mshtuko mkubwa wa moyo, 138 ndio waliopata maambukizi makali. Lakini hao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya siku 90. Moyo uliojeruhiwa hauna akiba. Homa inapanda, mapigo yanakimbia, na msuli unadai oksijeni isiyopatikana. Presha ikishuka, maji ya dripu nayo yanatolewa kwa hadhari, la sivyo mapafu yanajaa.

Kinachotuchanganya ni kwamba mshtuko wenyewe huleta homa ndogo siku za mwanzo na kupandisha chembe nyeupe za damu. Ndiyo maana ni rahisi kusema "ni moyo tu" na kupita. Msipite. Homa iliyotulia kisha ikarudi, mgonjwa anayetetemeka, kikohozi kipya chenye makohozi, wekundu penye kanula, kijibomba cha plastiki kilichochomekwa mshipani: mwiteni daktari saa hiyo hiyo. Kwa mzee au mwenye kisukari msingoje hata homa. Kuchanganyikiwa au kupumua haraka kunatosha. Damu ya kuotesha vijidudu maabara ichukuliwe kabla ya antibiotiki, ila kwa mgonjwa aliye hoi dawa isicheleweshwe kwa kusubiri maabara.

Halafu mipira ya mkojo na kanula. Mgonjwa alifika hoi, akawekewa mpira wa mkojo tupime mkojo wake. Siku ya tatu anakaa kitini, anakunywa uji mwenyewe, na mpira bado upo kwa sababu hakuna aliyeuliza. Ulizeni kila mnapokabidhiana zamu: kanula hii imewekwa lini? Mpira huu bado wa nini? Muulizeni hata daktari bingwa, bila woga. Kwangu hii ni kazi ya moyo kamili, sawa na kutoa aspirini.

Siku ya kuruhusiwa, ongeeni na ndugu pia. Homa ikianza nyumbani, au jeraha la kinenani au mkononi, pale ulipopitishwa mrija wa kuzibua mshipa, likitoa usaha, wamrudishe hospitali, wasimnunulie antibiotiki duka la dawa.