Ukifika Jönköping, anzia kwenye kiberiti

Wengi wanaoniuliza habari za Sweden wanataka kusikia ya Stockholm tu. Mimi nilisoma Jönköping miaka miwili, mji ulio ncha ya kusini ya ziwa Vättern. Kama unaelekea huko, kwanza jifunze kulitamka jina: sema kama "Yonshoping". Ukilisoma lilivyoandikwa, watu watakukodolea macho.

Usiende kutafuta majumba ya kale. Mji una hati ya mfalme tangu 1284, lakini mwaka 1612 wenyewe waliuchoma moto ili jeshi la Denmark lisiukute, kisha wakajenga upya upande wa mashariki. Nilikuwa sijui hayo, nikazunguka mwezi mzima nikilalamika kwamba mji mkongwe hauna ukongwe.

Kumbe ukongwe wake uko jikoni kwa bibi yangu Tanga. Nenda kwenye makumbusho ya kiberiti, katika eneo la kiwanda walichoanzisha ndugu wawili wa ukoo wa Lundström mwaka 1845. Viberiti vya zamani vilikuwa na fosforasi nyeupe, sumu iliyoozesha mataya ya wafanyakazi, na viliwaka vikisuguliwa popote, hata mfukoni. Mwaka 1844 Msweden Gustaf Erik Pasch akaja na wazo la kutumia fosforasi nyekundu na kuiweka kwenye ubavu wa kasha badala ya kichwa cha njiti. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bibi alikuwa akitugombeza tukilowesha kasha: ubavu ukiharibika, njiti hamsini nzima hazikufai kitu. Nilipotoka nje nilijaribu njiti moja kwenye jiwe. Haikuwaka, ng'o.

Viwanda vile leo ni mikahawa na ofisi. Jambo jingine ambalo wageni hulipita: Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, mwaka 1961, akienda kutafuta amani ya Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, alizaliwa mji huu mwaka 1905. Rafiki yangu wa Lubumbashi, huko huko Katanga, alinyamaza kabisa nilipomwambia.

Mengine ni ya maisha tu. Kuwa na kadi, maana siku ya kwanza nilisimama mlangoni mwa basi na noti zangu mkononi, dereva akatikisa kichwa, nikatembea. Beba koti la kuzuia upepo hata Juni. Wakati wangu, vijana wa michezo ya kompyuta walipokuja kwenye tamasha la DreamHack na mashine zao, vyumba viliadimika, kwa hiyo ukisikia kuna tamasha, weka nafasi mapema. Na ziwa hilo, watu wanakunywa maji yake, ila usidanganywe na uangavu wake: lina kina cha mita 128 na baridi yake inauma mifupa. Niliingia hadi magotini, nikatoka mbio.

Bibi nilimpelekea kasha tupu kutoka huko, kwa sababu njiti haziruhusiwi kwenye sanduku la ndege. Akaligeuza, akalitikisa, akaniuliza njiti zake nimempa nani.